Kwenda Whitby: Soma Maji Kabla ya Ramani

Wengi wanaokwenda Whitby huenda na orodha ya vitu vya kuona: magofu ya abasia (makao ya kale ya watawa), ngazi 199, nyumba aliyokaa nahodha mvumbuzi James Cook, samaki na chipsi. Orodha hiyo haina ubaya, ila haikuambii uanze na kipi. Kinachopanga siku Whitby ni maji ya bahari. Mji huu wa pwani ya Yorkshire, kaskazini mashariki mwa Uingereza, umekaa kwenye mdomo wa mto Esk katikati ya magenge mawili, yaani kuta ndefu za mwamba, na sehemu kubwa ya bandari yake hujaa na kukauka mara mbili kwa siku. Maji ndiyo yanayoamua daraja lifunguke saa ngapi, ufuo upitike hadi wapi, mashua zitoke lini. Meli zilizoupa mji huu jina duniani nazo ziliundwa jinsi zilivyoundwa kwa sababu ya maji hayo hayo. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Jedwali la maji

Majedwali ya maji ya Whitby yanapatikana bure mtandaoni kwa siku chache zijazo, na hiyo inatosha. Kabla ya kusoma namba yoyote, tafuta kwanza limeandikwa kwa saa zipi. Mengi hutumia saa za Greenwich mwaka mzima, ilhali kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza husogezwa mbele kwa saa moja. Usipoongeza saa hiyo, utafika ufuoni mapema na kukuta njia bado imo majini, na hasara yako ni kusubiri tu. Ukiiongeza kwenye jedwali ambalo tayari limerekebishwa, utaamini maji bado yanapwa kumbe yameshageuka. Kosa hili la pili ndilo la hatari.

Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hapa hukaribia mita 5. Siku za maji mafu hushuka hadi kama nusu yake. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na pwani hii ina tabia moja inayomfaa sana mgeni: siku za bamvua maji hupwa kabisa kuelekea adhuhuri, kwa saa za kiangazi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hujaa katikati ya mchana na kupwa asubuhi na jioni. Anayetaka ufuo na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, achague siku zinazofuata mwezi mpevu au mwandamo. Anayetaka kuiona bandari imejaa na vyombo vikipita mchana achague maji mafu.

Chukua mfano wa siku ya bamvua. Maji yamejaa karibu saa 12 asubuhi, yatapwa kabisa karibu saa 6 mchana, na yatajaa tena saa 12 na dakika kadhaa jioni. Asubuhi hiyo ni ya ufuo: shuka mchangani karibu saa 4, maji yakiwa bado yanakimbia, na ugeuke kurudi kabla ya saa 6. Mchana panda abasia. Jioni rudi bandarini uangalie daraja likifunguka na mashua za kaa na kamba zikiingia.

Daraja hilo, la mwaka 1908, ndilo kiungo cha mji. Lina vipande viwili vya chuma vinavyozunguka, kila kimoja upande wake, kupisha vyombo. Hufunguliwa chombo kinapoomba njia, ndani ya saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa, kwa kawaida inapogonga saa kamili au nusu saa. Likifunguka, watu wote husimama na kungoja. Stesheni ya treni na kituo cha mabasi viko upande wa magharibi, ilhali vitu vya kale viko mashariki, na daraja la pili liko juu mtoni, mbali kwa mtu wa miguu. Ikiwa saa ya treni yako imeangukia karibu na maji kujaa, vuka mapema.

Upande wa mashariki

Ukishavuka, Church Street inakupeleka kushoto chini ya genge. Barabara ni ya mawe ya duara, nyembamba, na kila hatua chache kuna kichochoro: vingine vinaingia kwenye nyua za nyumba zilizobanana, vingine, viitwavyo ghaut, vinashuka moja kwa moja mtoni. Siku za kiangazi kuanzia saa 5 asubuhi umati huwa mkubwa kiasi kwamba huoni mawe unayokanyaga. Saa 2 asubuhi barabara hiyo hiyo ni yako na wenye maduka wanaofungua milango. Viatu viwe na soli isiyoteleza, maana mawe hayo yakilowa ni mabaya kuliko ngazi zenyewe.

Ngazi ni 199, za mawe tangu 1774. Kabla ya hapo zilikuwa za mbao. Mwinuko si mkali, na njiani kuna sehemu pana zenye mabenchi. Mabenchi hayo hayakuwekwa kwa ajili ya wageni. Yaliwekwa ili wachukuzi wa jeneza waliteremshe na kupumua, kwani makaburi ya mji yalikuwa huko juu kanisani. Kandokando ya ngazi kuna njia ya mawe iliyopandishwa wima, ya punda; ni ya kupanda tu kwa mwenye magoti imara, na mvua ikinyesha iache. Asiyeweza ngazi asihangaike: upande wa pili wa mlima kuna barabara na maegesho ya magari karibu na abasia.

Watu hulipita Kanisa la Mt. Maria wakikimbilia abasia, nami naona hapo wanakosa jengo la kipekee kuliko yote mjini. Lilianza kujengwa karibu mwaka 1110, lakini ndani yake kumejazwa samani za karne ya 18: mabenchi yaliyozungushiwa kuta na milango kama vyumba vidogo, roshani zilizoshikiliwa na nguzo, na mimbari ya ghorofa tatu ya mwaka 1778. Tazama nyuma ya mimbari hiyo utaona mirija ya kusikilizia iliyofungwa pale kwa ajili ya mke wa mchungaji aliyekuwa kiziwi. Kazi ya mbao ya roshani inaonyesha wazi kwamba waliozoea kuunda meli ndio walioipiga. Nenda wakati jua lipo, kwa sababu mwanga wa ndani hutegemea madirisha.

Abasia yenyewe ilianzishwa mwaka 657 na Hild, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyeongoza watawa wa kiume na wa kike pamoja. Mwaka 664 ulifanyika hapa mkutano ulioamua Northumbria, ufalme wa kaskazini wa zama hizo, ifuate hesabu ipi ya Pasaka. Jambo hilo halikuwa la vitabuni tu. Mfalme Oswiu alifuata hesabu ya watawa wa kisiwa cha Iona na malkia Eanflæd alifuata ya Roma, hivyo ulitokea mwaka ambao mfalme anasherehekea Pasaka na malkia bado yumo kwenye mfungo. Roma ilishinda. Katika abasia hii pia ndipo Cædmon, mchunga ng'ombe, alipotunga utenzi ambao ni kati ya mashairi ya kale kabisa ya Kiingereza yanayojulikana.

Hata hivyo, kuta unazoziona si za Hild. Hizo ziliharibiwa karne ya 9. Hizi ni za watawa waliorudi baada ya 1078, na sehemu kubwa ya kilichosimama ni ya karne ya 13 na 14. Mfalme Henry wa Nane aliifunga mwaka 1539, paa likaondolewa, upepo ukafanya kazi yake, na mnara wa katikati ukaanguka mwaka 1830. Tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Kijerumani ziliupiga mji mizinga na kuuharibu uso wa magharibi wa jengo. Simama upande wa kaskazini, ambako ukuta umebaki mrefu, ndipo utaelewa ukubwa wake. Mabaharia waliitumia kama alama ya kuutambua mji kutoka mbali.

Kiingilio hulipwa kwa English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale, na tiketi inayonunuliwa mapema mtandaoni huwa nafuu kuliko ya mlangoni. Majira ya baridi hufunguliwa siku chache tu za wiki, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupanda. Juu pale hakuna kinga ya upepo. Siku ambayo huko chini unatembea na shati, huko juu utatafuta jaketi.

Meli zilizozoea kukaa mchangani

Kwenye kichochoro cha Grape Lane kuna nyumba yenye mwaka 1688 juu ya mlango. Ilikuwa ya John Walker, mwenye meli wa dhehebu la Quaker, na James Cook alichukuliwa hapo kama mwanafunzi wa ubaharia mwaka 1746 akiwa na miaka 18. Wanafunzi walilala kwenye dari, chini ya paa, msimu ambao meli haziendi. Leo ni makumbusho yake, na hufungwa wakati wa baridi.

Ili uelewe kwa nini Cook alichagua meli za Whitby, anza na shabu. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 17 hadi 1871 magenge ya pwani hii yalichimbwa kutoa shabu, iliyohitajika kushikisha rangi kwenye nguo na kutengeneza ngozi. Mwamba ulirundikwa juu ya kuni na kuchomwa kwa miezi, ukalowekwa kwenye mashimo, kisha maji yake yakachemshwa na kutiwa majivu ya mwani au mkojo uliokusanywa mijini na kuletwa kwa meli. Kujua kama maji yamefikia ukali unaotakiwa, mafundi walitumbukiza yai. Likielea, wakati umefika. Kuchemsha huko kulikula makaa ya mawe mengi sana, na makaa yalitoka Newcastle kwa bahari. Basi Whitby ikajifunza kuunda meli za makaa.

Meli ya makaa ilihitaji tumbo pana la kubebea na chini pawe bapa. Pwani hii haikuwa na magati ya kutosha: meli iliingia maji yakiwa yamejaa, ikapwelewa makusudi, ikashusha mzigo kwenye mchanga mkavu, kisha ikanyanyuliwa na maji yaliyofuata. Meli yenye mkuku mrefu ingelala ubavu na kupasuka. Hii ilikaa wima. Endeavour, meli ya safari ya kwanza ya uvumbuzi ya Cook, iliundwa hapa mwaka 1764 kwa jina la Earl of Pembroke, meli ya makaa yenye urefu wa kama mita 30, na jeshi la majini liliinunua 1768. Juni 1770 ilipopanda juu ya mwamba wa matumbawe mashariki mwa Australia, Cook aliitoa, akaiingiza mdomoni mwa mto, akaipweleza na kuiziba, kama ambavyo angefanya nahodha yeyote wa makaa huko Yorkshire. Resolution, Adventure na Discovery, meli za safari zake nyingine, nazo ziliundwa Whitby.

Ukitoka makumbushoni wakati maji yamepwa, nenda ukingo wa bandari ya juu uangalie vyombo vilivyokaa kwenye tope, vingine wima, vingine vimeegemea ubavu. Utaona kwa macho yako tofauti ninayoisema.

Makumbusho mengine, yaliyoko Pannett Park upande wa magharibi, yana reptilia wakubwa wa baharini waliotolewa kwenye magenge haya, pamoja na nakala ya chombo kilichobuniwa na daktari wa mji, George Merryweather, na kuonyeshwa London mwaka 1851. Ni chupa 12 zilizopangwa duara, kila moja na ruba wake ndani ya maji kidogo. Hali ya hewa ikielekea dhoruba, ruba hupanda shingo ya chupa, husukuma kijiti cha mfupa wa nyangumi kilichofungwa uzi, na nyundo ndogo hugonga kengele iliyo juu. Ruba wengi wakipanda, kengele hulia zaidi, na dhoruba huhesabiwa kuwa karibu.

Chini ya magenge

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwamba wa Whitby ni tope la bahari ya kipindi cha Jurasi, lililogandamana kwa matabaka miaka kama milioni 180 iliyopita. Ndani yake kuna amoniti, jamaa wa kale wa ngisi wenye gamba lililojikunja, na kito cheusi cha jeti, ambacho ni mti wa kale wa jamii ya araukaria uliogeuka. Mji uliitafutia amoniti hadithi yake: ati Hild aliwageuza nyoka kuwa mawe. Wauzaji wa zamani hata walizichonga vichwa vya nyoka ili zinunuliwe. Jamii moja ya amoniti imepewa jina lake, Hildoceras.

Ghuba ya Saltwick, kilomita mbili hivi mashariki ya abasia, ndiyo mahali pazuri pa kutafuta. Fika kwa njia ya juu ya genge, ambayo ni sehemu ya Cleveland Way, njia ndefu ya waendao kwa miguu, kisha ushuke ngazi na kijia kilichopo. Usifike kwa kupita chini ya genge kutoka bandarini. Kwenye ramani njia hiyo inaonekana fupi, lakini maji yakirudi hufika kwanza kwenye miguu ya genge iliyojitokeza, huku nyuma yako bado ni kukavu. Mtu anayeangalia mawe miguuni hafahamu kwamba mlango umefungwa mbele na nyuma, na genge lile halipandiki. Kila mwaka kuna wanaotolewa pale na mashua ya uokoaji. Ukijikuta umezingirwa, piga 999 na uombe Coastguard (walinzi wa pwani) mapema, ungali mkavu.

Hatari ya pili ni juu yako. Mwamba huu huporomoka bila onyo, hasa baada ya mvua nyingi na baada ya baridi ya kugandisha kuyeyuka. Kaa mbali na ukuta kwa umbali unaolingana na urefu wake pale nafasi inaporuhusu. Usigonge genge kwa nyundo. Huna haja nayo: kisukuku kizuri kinapatikana kwenye mawe yaliyokwisha kuanguka na kuoshwa na mawimbi. Tafuta mawe ya mviringo, mazito, ya kijivu, yenye ukingo unaoonyesha mistari ya gamba lililojikunja. Mawimbi makubwa ya baridi huleta mapya, ndiyo maana Februari huzaa kuliko Agosti.

Jeti ni ngumu zaidi kuipata, lakini kuitambua ni rahisi. Ishike: ni nyepesi kuliko unavyotegemea, na haina ubaridi wa jiwe. Ikwaruze kwenye upande mbichi wa kauri, kwa mfano mgongo wa kigae cha ukutani. Jeti huacha mstari wa kahawia. Makaa ya mawe huacha mweusi. Madukani mtego ni kioo cheusi, ambacho ni kizito na baridi mkononi, na vitu vya zamani vya mpira mgumu ambavyo hufifia na kuwa kahawia. Baada ya mume wa Malkia Victoria kufa mwaka 1861, jeti ikawa pambo la msiba kwa Uingereza nzima, na zaidi ya watu elfu moja waliishi kwa kuichonga hapa. Bado kuna warsha mjini. Nunua kwa anayechonga mwenyewe, muulize jeti ni ya Whitby au ya nje, na uombe liandikwe kwenye risiti. Fundi wa kweli hafichi.

Kutoka juu ya genge pale Saltwick utaona miamba iliyoiua Rohilla. Ilikuwa meli ya hospitali yenye watu 229, ikapanda mwamba alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1914, mita mia chache tu kutoka nchi kavu. Mashua ya makasia ya Whitby ilivutwa kwa mikono juu ya mawe, ikaokoa watu 35 kwa safari mbili, ikaharibika. Nyingine zilishindwa na mawimbi. Waliobaki walikaa juu ya mabaki hadi Novemba 1, ndipo mashua ya injini kutoka Tynemouth ilipowatoa hamsini wa mwisho. Zaidi ya watu 80 walikufa. Ajali ile ilimaliza ubishi kwamba mashua za uokoaji zinahitaji injini. Miaka 53 kabla yake, Februari 9, 1861, mashua ya Whitby ilipinduka mbele ya mji na kuua 12 kati ya 13. Aliyepona, Henry Freeman, ndiye pekee aliyevaa jaketi la kuelea la aina mpya, la koki (gome jepesi la mti). Ukiona sanduku la mchango la mashua ya uokoaji kaunta yoyote mjini, tia chochote.

Upande wa magharibi

Genge la magharibi lilijengwa karne ya 19 baada ya reli, kwa ajili ya watalii wa zama hizo: nyumba ndefu, hoteli, bustani. Pale juu kuna tao la mifupa ya taya ya nyangumi, kumbukumbu ya uvuvi wa nyangumi ulioanza hapa 1753. Mifupa ya sasa iliwekwa 2003 na ilitoka Alaska. Picha ya abasia ndani ya tao hupigwa vizuri zaidi jioni, jua likiwa nyuma yako. Kwa sababu mji unatazama kaskazini, Juni unaweza kuona jua likichomoza na kuzama baharini siku ile ile.

Ufuo wa upande huu ni mchanga mpana unaokwenda hadi Sandsend, kama kilomita nne. Ndio ufuo wa watoto. Kiangazi kuna walinzi. Ogelea tu kati ya bendera mbili, kila moja ikiwa na rangi nyekundu na njano. Maji ni baridi hata Agosti. Jihadhari na magati mawili ya mawe yenye minara ya taa ya 1831 na 1855. Upepo wa kaskazini ukikutana na bamvua, wimbi huvuka juu ya gati zima, na anayechukuliwa huangukia upande wenye mawe. Tarehe 5 Desemba 2013 bahari ilipanda hadi kuingia kwenye nyumba za katikati ya mji.

Kuna pia ukungu wa bahari, ambao wenyeji huuita sea fret. Huja kati ya Aprili na Septemba, hewa ya joto inapopita juu ya maji baridi. Ndani ya dakika chache abasia haionekani na joto linashuka. Ukikuta hali hiyo asubuhi, panda basi uende bara kilomita chache. Mara nyingi huko jua linawaka.

Kuhusu chakula, samaki wa Yorkshire ni hadoki. Huchovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa, na katika maduka mengi ya hapa mafuta ni ya ng'ombe. Asiyekula mafuta hayo, kwa dini au kwa uamuzi wake, aulize kabla ya kuagiza, na aulize vilevile kuhusu chipsi, kwani hukaangwa humo humo. Baadhi ya maduka hutumia mafuta ya mimea. Foleni huanza saa 6 mchana. Kula saa 5 na nusu au baada ya saa 8. Usile ukitembea kando ya bandari: shakwe wa hapa hushuka kutoka nyuma na kuchukua kipande kizima mkononi. Keti ukiwa umeupa ukuta mgongo. Kwa heringi wa kukaushwa kwa moshi, nenda Fortune's, Henrietta Street, chini kidogo ya ngazi 199. Wanawakausha tangu 1872, na heringi huisha mapema.

Kufika, kulala, kuondoka

Treni ya kutoka Middlesbrough hufuata bonde la Esk kwa saa moja na nusu hivi, kilomita 56 zenye mandhari ya kupendeza, ila ni chache kwa siku. Ukikosa moja utangoja saa nyingi. Kutoka York chaguo ni mbili: basi la Coastliner linalovuka nyika za North York Moors kwa zaidi ya saa mbili, au treni hadi Scarborough, kama dakika 50, kisha basi la X93 kwa saa moja hivi. Coastliner kaa ghorofa ya juu, mbele. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza haizidi paundi 3, lakini mpango huo huwekwa kwa muda maalumu, kwa hiyo hakikisha kama bado upo. Ukibadilisha basi, unalipa upya. Kadi ya benki ya kugusa inakubaliwa. Treni ya mvuke kutoka Pickering ni ya msimu, ni ghali, na viti huwekwa mapema. Ichukue kama matembezi, si kama usafiri.

Mwenye gari asiliingize mjini kiangazi. Kuna maegesho nje ya mji kwenye barabara ya Guisborough yenye mabasi ya kushusha watu katikati. Anayependa kutembea aende Robin Hood's Bay kwa njia ya genge, kama kilomita 11, arudi na X93. Njia ile ina mabonde yenye kupanda na kushuka, tenga saa nne.

Kulala mashariki kunapendeza, lakini ngazi za ndani ni nyembamba, lifti hakuna, na gari halifiki mlangoni. Mwenye mizigo au watoto wadogo alale magharibi. Mwisho wa wiki wenyeji wengi hudai usiku mbili. Agosti na wikiendi ya tamasha la wapenzi wa mavazi ya kigothi (meusi, ya mtindo wa kizamani) kuelekea mwisho wa Oktoba, vyumba huisha miezi kabla. Jumanne hadi Alhamisi, Mei au Septemba, ndizo siku ninazozipendekeza.

Anayekuja kwa siku moja atazame kwanza saa ya basi au treni ya mwisho, kwani jioni huisha mapema kuliko mgeni anavyotegemea, na Jumapili mapema zaidi. Teksi ya kutoka hapa hadi Scarborough ni zaidi ya kilomita 30, na usiku madereva ni wachache.